Tambarare ya Kinoo

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote unayoifahamu. Ukiiona mahali, ujue ramani hiyo imekosewa, na wa kushtakiwa ni aliyeichora, si mimi. Mimi nilikuwa karani wa masijala katika Wizara ya Barabara na Heshima ya Usafiri. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, na kuipeleka kwa mtu ambaye hataisoma. Naipenda nchi yangu. Nalisema hili mapema, kwa ajili ya wale ambao husoma ukurasa wa kwanza tu kisha huenda kumkamata mtu.

Mwaka ule serikali ilinunua magari mia tatu ya kifahari kwa ajili ya viongozi. Gari lenyewe liliitwa Tausi. Viti vyake vilikanda mgongo, ndani yake mlikuwa na jokofu dogo la maji ya kunywa, na abiria alikingwa na mifuko ya hewa kumi na mmoja. Zahanati ya mtaani kwetu haikuwa na hata kitanda kimoja cha kujifungulia, lakini kina mama walielezwa kwamba kiongozi akiumwa mgongo taifa zima huinama, wakaondoka kimya. Waziri wetu, Mheshimiwa Fungameza, alisimama bungeni akaapa kwamba gari lile halina kasoro, na kwamba atakayeiona kasoro, basi kasoro imo machoni mwake. Wabunge walipiga meza mpaka glasi ya Spika ikaanguka.

Miezi mitano baadaye ikafika barua kutoka kiwandani, ng'ambo. Niliigonga muhuri mwenyewe, Jumanne asubuhi. Watu wa kiwanda waliandika kiungwana sana. Walisema wamegundua kosa lao: mpira unaopitisha mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu ya mbele wameupitisha karibu mno na bomba la moshi. Katika nchi za baridi haidhuru. Katika nchi za joto, gari likishuka mteremko mrefu, mpira ule hulainika, hupasuka, na breki hupotea. Waliomba magari yote yasimamishwe siku hiyohiyo yapate kufungwa mpira mwingine, ambao wangeutuma wenyewe bila malipo. Mwishoni waliomba radhi. Hilo la kuomba radhi ndilo lililowatatiza wakubwa, kwa kuwa wizarani hapakuwa na mfano wa barua ya namna hiyo na haikujulikana hujibiwaje.

Nakala ilikwenda Karakana Kuu ya Serikali, kwa fundi mkuu wa breki, Mwajabu Kitwana. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mfupi, mwenye ovaroli iliyokunjwa mikono na miguu. Alianza pale kama mfagiaji, akajifunza ufundi kwa kuchungulia, na alikuwa na ila moja isiyofaa kwa mtumishi wa umma: akisoma barua, aliifanyia kazi. Aliipandisha Tausi moja juu ya shimo la karakana, akaiacha ikiunguruma nusu saa, kisha akashuka chini akaubonyeza ule mpira kwa kidole. Aliniambia baadaye kwamba ulibonyea kama muhogo wa kuchemsha. Siku hiyohiyo akaandika dokezo la ukurasa mmoja kwa Katibu Mkuu, Bwana Stahimili Mdoe, akitaka magari yote yaegeshwe.

Bwana Mdoe alimwita ofisini. Nilikuwepo, nimeshika jalada. Alimweleza kwa upole, kwa muda wa saa nzima, maana alikuwa mtu mpole. Alisema kwamba kufunga mpira mpya ni kukiri kuwa wa zamani ulikuwa mbovu. Kukiri hivyo ni kumfanya Waziri mwongo. Na Waziri hawezi kuwa mwongo, kwa sababu kiapo chake kimeshachapwa katika kumbukumbu za Bunge, na kumbukumbu hizo zimeshajalidiwa kwa ngozi.

"Serikali hairudishi gari, Fundi," alimalizia. "Serikali husonga mbele."

"Hilo ndilo ninaloliogopa, Katibu," Mwajabu akajibu. "Hizi Tausi zitasonga mbele tu."

Bwana Mdoe alitabasamu, akaandika juu ya lile dokezo kwa wino wa kijani: Lihifadhiwe. Nililihifadhi vizuri sana.

Wiki tatu baadaye mipira ikawasili, masanduku mia tatu, kila moja limeandikwa namba. Yakapelekwa Ghala Namba Nne, mlango ukatiwa kufuli, na pale mlangoni akasimamishwa askari mwenye bunduki, kuhakikisha kwamba haingii mtu akalitengeneza gari.

*

Kisha Tausi zikaanza kufanya mambo yake. Ya Mkuu wa Itifaki iliingia katika bwawa la samaki nyuma ya Ikulu. Taarifa ikasema alikwenda kukagua samaki. Ya mkuu wa mkoa mmoja ilivunja lango la kanisa wakati wa sadaka. Taarifa ikasema amelipanua lango ili waumini wapite kwa nafasi. Mtu wa kwanza kuvunjika mkono alikuwa naibu waziri, na hapo ndipo ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Kutafuta Kama Kuna Jambo la Kutafuta.

Wajumbe wake walikwenda kukaa katika hoteli ya ufukweni kwa wiki tatu. Walikwenda kwa treni. Waliporudi walikuwa wamegundua jambo ambalo liliandikwa kwa herufi nene: hakuna Tausi hata moja iliyowahi kukosa breki kwenye tambarare. Kwa hiyo gari halina kosa. Mwenye kosa ni mteremko.

Serikali haikuchelewa. Lilitoka Tangazo, nami nililigonga muhuri, kwamba kuanzia tarehe mosi miteremko yote ndani ya mji mkuu imefutwa. Mrefu kuliko yote ulikuwa Mteremko wa Kinoo, kilomita moja na nusu kutoka kwenye nyumba za viongozi kule juu hadi soko la Kinoo kule chini. Sasa ukaitwa Tambarare ya Kinoo. Vibao vilivyowaonya madereva wa malori washuke kwa gia nzito viling'olewa, maana vilikuwa vinapotosha. Mpima ardhi mmoja aliyeuliza kuhusu tofauti ya mwinuko alihamishiwa kisiwani akahesabu kasa. Maji ya mvua yaliendelea kutiririka kutoka juu kwenda chini, lakini bila kibali.

Watu wa Kinoo walicheka kwa siku mbili. Siku ya tatu lori la mchanga lilishuka bila kuonywa likakata nguzo ya umeme, wakaacha kucheka.

*

Dereva wa Waziri alikuwa mzee Kassian Chilumba. Alikuwa na miaka hamsini na saba, amebakiza mitatu kustaafu, na katika maisha yake hakuwahi kugonga hata kuku. Alikuwa na tabia ya kuzima redio ili alisikilize gari. Jumatatu moja, saa mbili na nusu asubuhi, aliileta Tausi ya Waziri pale karakana, akamwambia Mwajabu kwamba pedali ya breki inazama. Ukiikanyaga, inakwenda chini taratibu kama mguu uliokanyaga tope.

"Nimemwambia Mheshimiwa," alisema. "Ameniuliza kama nimechoka kazi."

Mwajabu alishuka shimoni akatazama. Mpira ulikuwa umevimba. Akamwambia mzee aliache gari palepale. Mzee akasema Waziri anasubiri, saa nne ana sherehe ya kuzindua ofisi ya Kinoo, na Tausi ya pili ya Waziri iko kwa mkewe. Basi Mwajabu akaenda mbio Ghala Namba Nne. Askari akadai barua ya Katibu. Akarudi ofisini kwake, akapiga simu kwa Katibu.

Simu hiyo niliipokea mimi. Bwana Mdoe alikuwa mbele yangu akimenya chungwa. Nilimnong'oneza ni nani, naye akatikisa kichwa. Nikasema Katibu yuko kikaoni. Sauti yangu haikutetemeka, nina uzoefu.

Mwajabu akarudi kwa mzee Chilumba. Ufunguo wa gari ulikuwa mkononi mwake yeye Mwajabu. Amenisimulia jambo hili mara nyingi, na kila mara anaanzia hapo, kwenye ufunguo. Alifikiri kuutia mfukoni na kukimbia. Alifikiri kuutupa kwenye pipa la mafuta machafu. Kisha akawaza kazi yake, na wanawe watatu, na kwamba labda mpira utavumilia siku moja zaidi, kama ulivyovumilia jana. Akaunyoosha mkono, akampa mzee ufunguo.

"Nenda polepole, mzee. Shuka kwa gia ndogo. Kesho nitaupata huo mpira hata kwa kuiba."

"Haya, mwanangu," mzee akasema, akaondoka.

Alimchukua Waziri, akaanza kuushuka Kinoo kwa gia ndogo. Lakini Waziri alikuwa amechelewa, na alikuwa amekaa nyuma mgongo ukikandwa. Akamwambia dereva wake kwamba hapa ni tambarare, hakuna sababu ya kutambaa kama gari la maiti. Mzee akajaribu kueleza. Waziri akamwuliza kama amesoma Tangazo. Mzee akabadili gia.

Katikati ya Kinoo pedali ikagusa sakafu na haikurudi. Mzee alipiga honi mfululizo, akavuta breki ya mkono, akatafuta mahali pa kuligongesha gari pasipo na watu. Mkono wa kushoto palikuwa na rundo la kokoto za wajenzi. Akalielekeza huko. Kabla ya kokoto palikuwa na meza ya vitumbua ya Siwema, mwanamke wa miaka thelathini na moja ambaye mtaa mzima ulimjua kwa kuongezea kitumbua cha tano bila kuombwa. Mbele ya meza alikuwa amesimama Mwalimu Ntibani wa shule ya msingi, anachukua kifungua kinywa. Wote wawili walikufa palepale.

Mzee Chilumba alivunjika miguu yote miwili. Waziri alikutwa amezungukwa na mifuko kumi na mmoja myeupe, kama yai kwenye pamba, hana hata mchubuko, anaulizia simu yake.

Jioni ile nilichapa taarifa kwa umma. Ilisema: "Serikali inalipongeza gari la Tausi kwa kumlinda Mheshimiwa katika ajali iliyosababishwa na dereva. Uamuzi wa kununua magari haya umethibitika kuwa wa busara na wa kuona mbali." Mstari wa mwisho ulisema kwamba watu wawili waliokuwa karibu walipoteza maisha. Niliuliza kama tuweke majina yao. Nikaambiwa nafasi haitoshi. Nusu ya ukurasa ilikuwa tupu.

*

Kesi ilisikilizwa na Jaji Semvua. Mzee Chilumba aliletwa kwa kiti cha magurudumu, miguu imefungwa plasta. Alishtakiwa kwa uzembe uliosababisha vifo, na shtaka la pili lilikuwa kupoteza breki mahali pasipo na mteremko.

Dada yake Siwema, Bi Zamda, alikaa benchi la mbele kila siku. Alikuwa mkubwa kwa Siwema kwa miaka kumi na minne, na ndiye aliyemlea. Siku ya kwanza alimfuata mzee Chilumba kwenye korido, akamwambia anamwomba Mungu miguu ile isipone milele. Mzee alimjibu kwamba ni haki yake kuomba hivyo. Bi Zamda alikwenda kukaa, na jibu lile, nadhani, lilimuumiza zaidi, maana alitaka ugomvi.

Siku moja kabla ya kutoa ushahidi, Mwajabu alikuja masijala. Alitaka kuona daftari la Ghala Namba Nne. Nilimwambia ni siri ya serikali. Nikalitoa kabatini, nikaliweka mezani, nikamwambia nakwenda kunywa chai. Mimi sinywi chai. Nilikaa kantini nusu saa, nikitazama kikombe kikipoa. Ndilo tendo la ushujaa nililolifanya katika utumishi wangu, na nilihakikisha halizidi hiyo nusu saa.

Niliporudi, alikuwa ameshaondoka, lakini baadaye nilikuja kujua alichokiona, kwa sababu kesho yake alikisoma mahakamani. Kwanza mwendesha mashtaka alimshikilia kwa muda mrefu juu ya Tangazo. Alitaka kujua kama shahidi anapingana na serikali kuhusu umbo la ardhi. Mwajabu alisema yeye ni fundi wa breki tu, lakini mtu akiweka mpira wa watoto pale juu, utashuka wenyewe hadi sokoni. Jaji aliamuru mpira huo uondolewe kwenye kumbukumbu.

Ndipo Mwajabu akatoa karatasi yake. Akasoma kwamba katika masanduku mia tatu yaliyofungiwa ghalani, thelathini na saba yalikuwa yametoka kimyakimya, kila moja limesainiwa. Sanduku la kwanza lilikwenda Ikulu. La sita lilifungwa kwenye gari la Katibu Mkuu Mdoe. La tisa lilifungwa kwenye Tausi ya pili ya Waziri Fungameza, ile anayotumia mkewe. La kumi na nne lilifungwa kwenye gari la Jaji Semvua, wiki saba kabla ya ajali ya Kinoo.

Jaji akasema daftari hilo ni siri, na kilicho siri hakipo, kwa hiyo shahidi hajasoma kitu. Mwajabu akamwomba kwa heshima atoke nje akatazame chini ya gari lake mwenyewe. Jaji akasema mahakama haiinami.

Mwajabu akashuka kizimbani, akatoka. Askari walitazamana, hakuna aliyekuwa amefundishwa la kufanya shahidi anapoufuata ushahidi. Watu wakamfuata hadi uani, ambako Tausi tatu zilikuwa zimeegeshwa kivulini. Alitandika khanga chini, akalala chali, akajisukuma chini ya gari la Jaji. Mpira wa zamani ni mweusi mtupu. Mpya una mstari wa njano na namba iliyogongwa. Tulimsikia akiisoma namba ile kwa sauti, tarakimu moja moja, kama mtu anayesomea mwanafunzi imla.

Bi Zamda alipita katikati ya watu, akasema anataka kuona. Alikuwa mnene na alivaa nguo nyeupe za eda ya mumewe aliyefariki mwezi mmoja kabla, msiba juu ya msiba wa mdogo wake. Alilala chini vilevile, juu ya vumbi. Mwajabu akamwonyesha mpira wenye mstari wa njano, akamwambia aushike. Wakahamia gari la mwendesha mashtaka. Nalo lilikuwa na mstari wa njano. Wakahamia la tatu, ambalo huwabeba makarani wa mahakama. Mpira wake ulikuwa mweusi, umevimba. Bi Zamda aliushika huo kwa muda mrefu kuliko ile mingine miwili.

Alipotoka, mgongo mzima ulikuwa umejaa vumbi na hakujipangusa. Alirudi ndani, akasimama mbele ya Jaji, wala hakupaza sauti.

"Mlijua," alisema. "Mkajitengenezea ya kwenu, mkatuletea sisi yanayoua."

Kisha akageuka akamtazama mzee Chilumba kwenye kiti chake. Mzee alikuwa analia bila kujificha, mikono juu ya plasta. Bi Zamda akaenda akakaa benchi la upande wa mzee.

*

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Jaji Semvua alisoma kurasa arobaini. Alisema kwamba mtu hatengenezi kitu kisicho kibovu. Magari ya Tausi si mabovu kwa mujibu wa kiapo cha Waziri. Kwa hiyo gari lake yeye Jaji halikutengenezwa, na mstari wa njano ni pambo. Mzee Chilumba alipewa miaka tisa. Mwajabu aliachishwa kazi siku hiyohiyo kwa kosa la kulala saa za kazi, maana mashahidi wengi, wakiwamo polisi, walimwona amelala chali uani saa tano asubuhi.

Watu wa Kinoo walirudi kwao kwa miguu. Walikuwa kama mia mbili, wanashuka katikati ya barabara, hawaimbi wala hawasemi. Mimi nilikuwa nyuma yao. Njia ya kwangu hupita huko. Walipofika karibu na rundo la kokoto, gari la Jaji likaja kutoka juu, likipiga honi. Watu wakasogea pembeni kama walivyozoea. Bi Zamda hakusogea. Alisimama katikati ya barabara, akalitazama gari likija.

Dereva alikanyaga breki. Gari likapunguza mwendo bila kuyumba, bila hata mlio wa matairi, likasimama hatua moja mbele yake. Bi Zamda akaweka kiganja chake juu ya boneti. Akakiacha pale.

"Zinashika," alisema, akiwageukia wenzake. "Tazameni. Zinashika vizuri kabisa."

Akaketi chini, palepale mbele ya taa. Mwajabu akaketi karibu naye. Walimu wenzake Ntibani wakaketi, na wauza mboga, na wajenzi wenye kokoto zao, na ilipofika adhuhuri hapakuwa na pa kupitisha hata baiskeli. Jaji alishuka akapanda kwa miguu kurudi kwake, na nilimwona akisimama mara tatu kupumua, maana tambarare ile ilikuwa kali.

Walikaa siku sita. Walipigwa maji, wakakaa. Walitishwa, wakakaa. Bi Zamda alipewa na serikali rambirambi kwenye bahasha. Akaitia kwenye jiko la mkaa palepale barabarani, haijafunguliwa, akainjika juu yake sufuria ya uji wa watu. Njia nyingine ya kutoka kwenye nyumba za viongozi huzunguka kilomita ishirini na mbili, ina vumbi na mashimo, na vile viti vinavyokanda mgongo vilianza kuwaumiza wenyewe. Vifo viwili havikuisogeza serikali. Mashimo yaliisogeza.

Siku ya saba likatoka Tangazo jingine. Lilisema kwamba serikali, kwa kujali na bila kushinikizwa, imeamua kuyaboresha zaidi magari ambayo tayari hayana kasoro. Ghala Namba Nne likafunguliwa. Ikaonekana kwamba karakana nzima hakuna mwingine aliyesoma maelezo ya kiwanda, na waliofunga ile mipira thelathini na saba ni siri, na kilicho siri hakipo, basi nikatumwa mimi nimfuate Mwajabu nyumbani, nimwombe aje kufundisha, ila asihesabiwe kuwa ni mtumishi.

Nilimkuta anafua. Nilitamani anifukuze. Alikamua nguo aliyokuwa ameshika, akaitundika, akachukua ovaroli yake.

"Unakwenda kuwasaidia hao?" nilimwuliza.

"Chini ya mteremko hakai waziri," akasema.

Alifanya kazi bila mshahara, na mafundi wanne, mpaka Tausi ya mwisho ikafungwa mpira wenye mstari wa njano. Mheshimiwa Fungameza alivishwa nishani ya Ubunifu katika Usalama. Katika hotuba yake aliwashukuru wote, akiwamo mteremko, kisha akakumbuka kwamba haupo akalifuta neno hilo. Tangu hapo Tausi haijapoteza breki Kinoo wala kwingineko.

Mzee Chilumba bado yuko gerezani. Wakili mmoja alijaribu kukata rufaa, akaambiwa kwamba rufaa ingehitaji kuthibitisha kuwa breki ziliwahi kuwa mbovu, na sasa kila gari linaweza kukaguliwa: breki ni nzima zote.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi Mwajabu na Bi Zamda huenda kumwona. Nilikwenda nao mara moja, nimebeba sabuni. Mzee anatembea kwa mkongojo. Bi Zamda alimwuliza kama baridi inamsumbua miguuni, naye akasema kidogo, asubuhi tu. Waliongea habari za watu wa Kinoo, nani kaoza binti, nani kahama. Kisha mzee akamgeukia Mwajabu.

"Zile Tausi zimekwisha zote?"

"Zote, mzee."

"Na mpira mmoja kuufunga, inachukua muda gani?"

Mwajabu aliichukua sabuni mkononi mwangu, akaiweka kwenye benchi.

"Dakika ishirini," akasema.

Mzee Chilumba alilirudia neno hilo polepole, ishirini, kama mtu anayefundishwa hesabu upya. Akatazama mikono yake.

"Unga wa vitumbua wa mdogo wangu," Bi Zamda akasema, "ulihitaji zaidi ya hapo kuumuka."